Breki Ilikuwa Chai

Baba yangu ni mwendesha winchi. Nasema "ni" ingawa hana winchi tena, kwa sababu bado anaamka kabla ya sisi wote, anakaa ukingoni mwa kitanda, na mkono wake wa kulia unajikunja kana kwamba umeshika kitu. Mama humwambia, "Lala, baba watoto. Hakuna anayekuita." Mimi upande wa pili wa pazia najifanya sijaamka.

Mtaani kwetu sasa wanamjua kwa jambo moja tu. Mimi nataka kumwandika mzima, na jambo hilo likiwemo, maana siwezi kuliruka.

Wazazi wake walifariki akiwa kijana, wakamwachia mdogo wake mmoja, shangazi yangu, ambaye wakati huo hata vifungo vya gauni alikuwa hajui kuvifunga. Baba ndiye aliyevifunga. Alimlea kwa kubeba mbao begani kwenye kiwanda kilekile, miaka mingi kabla hawajampandisha kwenye winchi. Shangazi humwita kaka. Akimkasirikia humwita mzee, akitaka kitu humwita baba, na Baba huitikia yote kwa sauti moja. Wakati wa mambo haya shangazi alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na milango yetu haikujua kubishiwa hodi.

Mume wa shangazi aliitwa Redio, kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Alikuwa akifanya kazi na Baba. Baba, ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kijiko, ndiye aliyemleta nyumbani mara ya kwanza, na shangazi alimtazama mgeni yule akiongea toka mlangoni hadi kwenye kiti, kisha akasema, "Kaka, umechoka kunyamaza, ndiyo umeniletea wa kukusemea?" Wakaoana. Wakapata mapacha, wavulana, ambao humwita Baba mjomba na kumpanda mabegani kama mnazi.

Sasa kiwanda. Ni cha mbao. Malori huleta magogo na kuyamwaga kwenye rundo, winchi huyanyanyua moja moja na kuyashusha karibu na misumeno. Baba alikaa kwenye kibanda cha bati juu ya nguzo, mkono wa kulia kwenye chuma cha kushushia na kupandishia, mguu juu ya kiatu. Kiatu hicho hakivaliwi. Ndivyo walivyokiita kile cha kukanyaga ili kamba isiendelee kujifungua na mzigo usimame palepale ulipo. Mtu akitaka mzigo ushikiliwe husema, "Kanyaga kiatu," na hakuna aliyewahi kukiita jina jingine.

Redio alikuwa chini. Kazi yake ilikuwa kupanga mito, vile vipande vya mbao ambavyo gogo hulalia, na kumpa Baba ishara za mkono, kwa kuwa kutoka kibandani rundo la magogo lilimziba Baba asione ardhi. Mkono ukiwa juu, ngoja. Mkono ukishuka, shusha. Kwa mdomo haikuwezekana. Misumeno ikinguruma hata Redio alikubali kunyamaza, na Baba alisema ndiyo sababu anaipenda kazi yake.

Kengele ya chai ilikuwepo, ikaharibika, ikaachwa hivyo. Msimamizi mpya alipoletwa kutoka nchi ya mbali, akawa anazunguka mwenyewe kuwaita watu. Walimbatiza Kamoni, maana "come on" ndilo neno lake la kuanzia kila sentensi. Kiswahili alijua kusalimia na kushukuru, basi. Kila asubuhi, chai ikifika, alipanda ngazi ya kibanda, akaingiza kichwa dirishani na kumwambia Baba, "Break." Baba alimpenda kwa hilo. "Wengine walikuwa wanatusahau," alisema. "Huyu anapanda ngazi." Kwa hiyo, ingawa barabarani breki ni ya gari, pale kiwandani breki ilikuwa chai. Mtu akikuuliza mmekutana wapi, unamjibu, kwenye breki.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha muhula ule maneno ambayo yanafanana kwa sauti na maana zake hazijuani kabisa. Mimi kitu kikinishangaza lazima nikipeleke nyumbani, siwezi kukaa nacho peke yangu. Jioni hiyo Redio alikuwa kwetu, amevua viatu, anasubiri chakula kana kwamba hana mke.

"Meat ni nyama," nikawaambia, "na meet ni kukutana. Ukisikia tu, ni kitu kimoja."

"Kwa hiyo mzungu akisema anataka meat," Redio akauliza, "unajuaje kama anataka nyama au anataka kuonana na wewe?"

"Kwa maandishi. Herufi ni tofauti."

"Kwani anaongea kwa kalamu?"

Mama akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Nikaendelea. Week ni wiki, weak ni dhaifu. Redio akasema hilo halihitaji mwalimu, yeye kila mwisho wa week ni weak. Son ni mtoto wa kiume, sun ni jua. Akasema hilo nalo ni kweli tupu, anao wawili na wote wanamchoma.

Baba alikuwa akimenya viazi. Bila kuinua kichwa akasema, "Kwetu pia yapo. Kaa."

"Kaa lipi?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo. Kaa la moto, kaa wa baharini, kaa chini."

"Lete shida sasa," Redio akasema. "Mkwe wangu amekuja, nimemwambia kaa, amekalia kaa. Nani mwenye kosa?"

"Wewe," Baba akamjibu. "Ungemwambia kaa kitini."

Hivyo ndivyo mwalimu wetu alivyosema pia: neno hujulikana kwa majirani zake. Likiwa peke yake linaweza kuwa chochote. Niliwaambia hivyo, na Redio akasema basi yeye hayuko hatarini, kwani maneno yake hayajawahi kutembea peke yake hata siku moja.

Mambo ya kiwandani sikuyaona kwa macho. Nimeyaokota kwa Baba, ambaye aliyasema mara moja tu, na kwa fundi wa msumeno mkubwa, jirani yetu wa nyuma.

Gogo lilikuwa hewani. Redio aliinua mkono: ngoja. Baba akangoja. Mto mmoja ulikuwa umekaa upande, Redio akaingia chini ya gogo kuunyoosha. Hairuhusiwi, na wote hufanya, kwa sababu kuzunguka kunachelewesha na misumeno haisubiri mtu. Kile kiatu cha winchi kilikuwa kimelika. Baba alishakilalamikia hadi akachoka, na kila mara aliambiwa kipuri kiko njiani. Siku hiyo mguu wake ulikuwa juu yake kama kawaida, lakini kamba ikaanza kuteleza, kidogo, kidogo sana, na gogo likawa linateremka kama mtu anayesinzia.

Watu wawili waliona. Fundi wa msumeno mkubwa aliona, akazima msumeno wake ili akimbie kumtoa Redio. Kamoni naye aliona. Alikuwa karibu na ngazi, akapanda, akaingiza kichwa dirishani kama afanyavyo siku zote, na kwa sauti kubwa akasema, "Brake! Brake!"

Alimaanisha kanyaga. Kwa Kiingereza kile kiatu kinaitwa hivyo, na kuvunja kazi ili upumzike kunaitwa neno jingine, na masikioni ni neno moja, hayatofautiani hata kwa unywele.

Baba hakuona gogo likiteleza. Alisikia breki. Alisikia msumeno mkubwa umenyamaza, kama unavyonyamaza wakati wa chai. Akatazama chini, mkono wa Redio haupo, na Redio hajawahi kuchelewa chai tangu azaliwe. Akamwitikia Kamoni kwa kichwa. Kamoni akaona ameeleweka, akageuka kushuka ngazi. Ndipo Baba akafanya alichokuwa akifanya kila chai inapoita, kwa kuwa mtu mwenye akili haachi mzigo hewani akaenda kunywa chai. Akashusha gogo hadi chini.

Kama angekuwa mvivu, akaondoka na kuliacha linaning'inia, labda fundi wa msumeno angewahi.

Nyumbani habari ilifika ikiwa imeshapinda. Kamoni alieleza kwa Kiingereza, karani wa ofisi akaigeuza Kiswahili, wabebaji wa mbao wakaibeba hadi mtaani: kwamba msimamizi alimwambia Baba afunge winchi, akakubali kwa kichwa, kisha akashusha. Baba mwenyewe alipoulizwa na Mama alisema, "Aliniambia breki. Nikashusha." Basi. Alirudia hivyo kwa kila aliyemuuliza, na kila aliporudia ndivyo watu walivyotazamana.

"Ajali haina kinga," waliosema hivyo walikuwa wapole. Wengine walisema maneno mengine. Bibi mmoja muuza maandazi alisema mbele yangu, huku akinifungia yangu kwenye gazeti, kwamba wawili wakipendana mno kuna kitu kimefichwa. "Na yule mwongeaji alizidi. Huenda siku hiyo alimsema vibaya shemeji yake." Niliyaacha maandazi palepale.

Shangazi hakusema kitu. Hilo ndilo lililomuua Baba kila siku. Kwenye mazishi alisimama upande mwingine wa kaburi, mapacha wakimshika gauni, na Baba aliposogea akabadilisha upande. Baada ya hapo mlango wake ulifungwa. Baba alienda akabisha hodi, yeye ambaye maisha yake yote aliingia tu. Mapacha wakapiga kelele ndani, "Mjomba huyo," kisha nikasikia wanazimwa. Akarudi akaketi kwenye benchi la uani akitazama mikono yake.

Mama alimwambia, "Atakuja. Ni damu yako."

"Na yule aliyekufa ni wa nani?" Baba akasema.

Ofisi ya kiwanda ilipoita watu kusikiliza maelezo, shangazi alikuja kwetu, akasimama nje, hakuvuka kizingiti. Hakumtazama Baba. Alinitazama mimi.

"Wewe unasoma Kiingereza," akasema. "Utakwenda na mimi. Utakaa karibu yangu, utaniambia kila wanachosema. Sitaki cha karani. Nataka unieleze ukweli hata kama unamwangukia baba yako. Utaweza?"

Nilimtazama Baba. Akaitikia kwa kichwa. "Mwambie shangazi yako ukweli," akasema, na shangazi akageuka kabla hajamaliza.

Ofisi ilikuwa na meza ndefu, madirisha yamejaa vumbi la mbao kiasi kwamba mwanga ulikuwa wa njano. Meneja aliketi katikati. Karani alisimama pembeni, tayari kutafsiri. Kamoni alikaa mwisho wa meza, na nilishangaa, maana nilimtegemea mtu mwenye kiburi. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu, na kila mara alifunga na kufungua kifungo kimoja cha shati.

Akaulizwa. Akaeleza. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimesikia habari ile kwa Kiswahili tu, kwa midomo ya watu wengine, afunge, alimwambia afunge. Hapo kwa mara ya kwanza nikalisikia neno lenyewe likitoka kwa mwenyewe.

"I shouted brake," akasema. "Twice. He nodded."

Karani akasema, "Alimpigia kelele afunge, mara mbili. Akakubali kwa kichwa." Kisha akamgeukia Baba. "Wewe, ulisikia breki au hukusikia?"

"Nilisikia breki," Baba akasema.

Karani akamwambia meneja kwa Kiingereza kwamba anakiri alisikia brake. Meneja akatingisha kichwa taratibu.

"Ukafanya nini?"

"Nikashusha."

Shangazi alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia. "Amesema alisikia?" akaninong'oneza. "Amekubali kwamba aliambiwa afunge?"

Nilikuwa nimeduwaa. Ni kama mtu ametazama ukuta miaka yote akagundua ni mlango. "Shangazi," nikamwambia, "yako mawili. Kufunga ni brake. Kwenda chai ni break. Yanasikika sawasawa. Baba alisikia chai."

"Unamtetea baba yako."

"Hapana, shangazi. Uliniambia nikueleze ukweli. Ndio huo."

Akanitazama machoni kama anayetafuta uongo. Kisha akasimama. Hakuna aliyemwita, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

"Naomba huyu bwana aulizwe," akasema. "Chai huwa anawaitaje?"

Karani akasita. "Mama, hapa tunazungumzia winchi."

"Najua tunazungumzia nini, aliyezikwa ni wangu. Muulize."

Karani akauliza. Kamoni akafungua mdomo kujibu haraka, kama swali jepesi tu, na nikaona neno linamkwama. Kidole chake kikaacha kile kifungo. Akamtazama Baba, wala hakumtazama meneja.

"Break," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "I say break."

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Karani akatazama viatu vyake. Baba peke yake ndiye aliyekuwa bado hajaelewa. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Amesema nini? Si ndiyo nilivyosema mimi?"

Ningependa kuandika kwamba mambo yalibadilika hapo. Meneja alikohoa, akasema hilo ni jambo la kusikitisha. Lakini mzigo ulishushwa bila ishara ya mtu wa chini, akasema, na anayeshika mkono wa winchi ndiye anayebeba dhamana. Baba akaondolewa kazini siku hiyohiyo. Kipuri ambacho kilikuwa njiani miaka yote kikafika wiki ileile, na kengele ya chai ikatengenezwa. Tunaisikia mpaka nyumbani.

Shangazi alimwita Baba baada ya siku chache. Twende wote, Baba akaniambia, na nadhani aliogopa kwenda peke yake. Mlango ulikuwa wazi. Ndani vitu vilikuwa vimefungwa kwenye shuka, masufuria yameingizwa moja ndani ya jingine. Ndugu wa Redio walikuwa wanakuja kumchukua yeye na mapacha, mji mwingine kabisa. Mapacha walikuwa wamepelekwa nje kucheza.

"Kaa, kaka," shangazi akasema.

Baba akakaa kwenye furushi. Alipoitwa kaka nilimwona anashusha pumzi ambayo sijui aliishika tangu lini.

"Najua hukukusudia," shangazi akasema. "Hilo nimelijua pale ofisini, na nimekaa nalo. Sina ugomvi na wewe kwa hilo. Ila kuna kitu kimoja nataka kukuuliza. Wote wananiambia hakuumia. Fundi wa msumeno ananiambia ilikuwa mara moja, hakujua hata kilichompata. Kila mtu ananiambia hivyo, na wote hawanitazami. Wewe ndiye uliyekuwa umeshika. Niambie. Lilishuka kwa haraka?"

Nilitaka Baba aseme ndiyo. Kwa moyo wangu wote nilitaka adanganye. Neno ni fupi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumbishia.

Baba akapangusa magoti kwa viganja.

"Hapana, mdogo wangu," akasema. "Huwa nashusha polepole. Gogo likishushwa haraka linaruka, linaweza kumpiga mtu."

Shangazi alifumba macho. Aliposema tena sauti yake ilikuwa kavu. "Ulihisi kitu?"

"Nilihisi limegusa. Nikafikiri ni mito. Nikaendelea mpaka kamba ikalegea."

Nje mapacha walikuwa wanabishana nani ameshinda. Shangazi alivuta shuka la furushi jingine, akalifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena kwa nguvu zaidi.

"Nitawaambia watoto kwamba mjomba wao hakumuua baba yao," akasema. "Nitawaambia mimi mwenyewe, na yeyote atakayesema vingine atanikuta. Lakini usije huko, kaka. Nikikuona naona ule mkono. Usije mpaka nikuite."

"Utaniita?"

"Sijui. Sitaki kukudanganya na mimi."

Baba akasema, "Sawa." Akainuka, akauliza kama kuna mzigo wa kubebea barabarani, shangazi akasema shemeji zake watabeba. Tukatoka kwa mlango wa nyuma ili mapacha wasituone. Baba alitembea akiwa ameuingiza mkono wa kulia mfukoni hadi nyumbani, na alipofika alishindwa kufungua kufuli kwa wa kushoto, nikamfungulia mimi.